Vichwa vya shaba vya miti ya palki: namna ya kuvikagua, kuvisafisha na kuvitunza

Ukikuta kichwa cha mnyama cha shaba, kinywa wazi, macho yametokeza, na nyuma ya shingo pana bomba fupi lililo tupu, huenda umeshika pambo la ncha ya mti wa palki. Palki ndicho chombo kilichobeba abiria mabegani mwa watu nchini India kwa karne nyingi, kabla reli na magari ya kuvutwa havijakiondoa barabarani. Sisi tunalo neno machela, lililotufikia kupitia Wareno, nao walilichukua katika lugha za India Kusini. Leo machela ni ya mgonjwa. Kule ilikuwa ya tajiri, ya bibi harusi, ya ofisa, na ya mungu anapotolewa hekaluni.

Wanunuzi wengi hutazama uso wa mnyama, na wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana uso ndio husuguliwa ukang'aa. Lakini habari za kweli za kitu hiki zimo ndani ya bomba: alama za fundi, kutu ya misumari, vumbi la mbao, utomvu uliogandia. Anayeanza kwa kusafisha hufuta ushahidi ambao hakuna fundi atakayeweza kuurudisha. Kagua kwanza, andika, piga picha, ndipo ufikirie maji.

Jua ulichoshika

Palki ya mti mmoja ilikuwa na mti mrefu uliopita juu ya abiria, mara nyingi mwanzi uliopindwa kama upinde katikati ili kichwa cha mtu kipate nafasi. Wabebaji, wanaoitwa kahar kaskazini mwa India na bhoi kule Maharashtra, waligawana mbele na nyuma. Mti huo una ncha mbili, kwa hiyo vichwa viwili. Machela ya miti miwili sambamba, hasa za mahekalu, zina ncha nne, kwa hiyo vichwa vinne. Ndiyo sababu neno "jozi" katika tangazo la muuzaji halimaanishi kwamba seti imetimia.

Jambo moja huwaponza hata wazoefu. Mwanzi hupungua unene kuelekea kileleni. Kichwa cha mbele kikiwa na tundu la milimita 84 na cha nyuma 79, usikimbilie kusema si wenza. Pima kwanza mambo ambayo mwanzi hauyatawali: unene wa ukuta wa mdomo wa bomba, idadi ya mistari ya mapambo shingoni, namna macho na masikio yalivyochongwa.

Mbali na vichwa, palki ilikuwa na kulabu na pete za kuning'inizia kitanda, pingu za kufunika maungio ya mti, vifuniko vya pembe, miguu midogo, minyororo, na kilele cha paa chenye umbo la chungu kinachoitwa kalasha. Vitu hivi ni vya bei nafuu zaidi na hughushiwa mara chache. Anayeanza kukusanya aanzie huko.

Wanyama nao wana mahali pao. Makara, kiumbe mwenye taya za mamba na mkonga unaojikunja, yuko kila pembe ya India. Yali, simba wa kubuni mwenye macho ya mviringo na pengine mkonga, ni wa kusini. Tembo, farasi, tausi na simbamarara pia wapo. Kuhusu simbamarara, kuwa mwangalifu: Tipu Sultan, mtawala wa Mysore huko India Kusini, aliyeuawa mwaka 1799, alimfanya mnyama huyo kuwa alama yake, na tangu hapo kila kichwa cha simbamarara sokoni hupewa jina lake. Bila karatasi ya kuthibitisha, usiliandike jina hilo kwenye kitu chako.

Vitu vinavyofanana na hivi ni vingi. Kichwa cha makara chenye njia iliyopenya kutoka shingoni hadi kinywani ni mlizamu wa kutolea maji hekaluni. Koni ndogo za shaba zisizo na uso ni za pembe za ng'ombe wa kukokota mikokoteni. Ndege juu ya kulabu yenye mnyororo mrefu mara nyingi ni wa bembea za ndani za Gujarat. Tundu lenye upana chini ya sentimita 3 huwa la fimbo, mwavuli au samani, isipokuwa machela ndogo za sanamu za miungu.

Hatua ya kwanza: vaa glovu, weka vifaa mezani

Unahitaji tochi ndogo, kioo cha kukuza mara 10, sumaku, kalipa (kifaa cha kupimia unene na upana wa tundu), mizani inayosoma gramu na kubeba kilo 10, rula ya kuweka kwenye picha, na glovu za naitrili. Glovu si mapambo. Jasho lina chumvi, na chumvi ndiyo chanzo cha ugonjwa wa shaba utakaoelezwa mbele. Tandaza taulo jeupe mezani: kitakachodondoka kutoka ndani ya bomba kionekane na kihifadhiwe.

Piga picha pande sita, kisha picha ya saba ya ndani ya bomba, tochi ikimulika kwa pembeni na si moja kwa moja. Mwanga wa pembeni ndio huonyesha mikwaruzo.

Hatua ya pili: soma ndani ya bomba

Hapa usiwe na haraka. Tenga nusu saa kwa kila kichwa.

Angalia matundu ya misumari kwanza. Kichwa kilishikiliwa na msumari au pini iliyopita ukutani mwa bomba hadi kwenye mti, na nafasi iliyobaki ilijazwa kitambaa, utomvu au lakiri. Mti ulipokuwa ukitikisika siku baada ya siku, msumari ulisugua ukingo wa tundu. Tundu la kazi huwa limetanuka upande mmoja, ukingo wake umelainika, na mara nyingi limezungukwa na doa la kahawia la kutu ya chuma. Tundu la mapambo lililotobolewa kwa keekee ya umeme ni duara kamili, na ukingo wake bado unakwaruza kidole. Ukikuta skrubu yenye kichwa cha msalaba, hiyo si ya kabla ya miaka ya 1930, ingawa kichwa chenyewe kinaweza kuwa cha zamani kilichofungwa upya.

Pili, angalia ukuta wa bomba. Vichwa vya zamani vingi vilisubiwa kwa nta: fundi alifinyanga kiini cha udongo, akakivika nta, akachonga uso kwenye nta hiyo, akafunika tena kwa udongo, kisha akachoma. Nta ikayeyuka na kutoka, shaba ikamiminwa mahali pake. Kwa hiyo ndani utakuta unene usio sawa, pengine milimita 3 upande huu na 6 upande wa pili, na ndani kabisa ya fuvu la mnyama mabaki ya udongo mweusi au mwekundu ulioungua. Udongo huo usiuchokoe. Ni sehemu ya kitu.

Lakini usihitimishe upesi. Kusubu kwa nta hakujafa; Swamimalai huko Tamil Nadu na Bastar huko Chhattisgarh mafundi hufanya hivyo hadi leo, tena kwa ustadi mkubwa. Kiini cha udongo kinakwambia namna kitu kilivyotengenezwa, hakikwambii lini. Umri utaupata kwa kuunganisha udongo huo na matundu yaliyolika, kutu ya chuma, na vumbi la mbao lililogandamana ambalo halifutiki kwa kidole. Mstari wa kuunganika unaogawa uso kushoto na kulia, pamoja na chembechembe za mchanga zilizo sawasawa kila mahali, ni dalili ya kalibu ya mchanga, na kazi nyingi mpya za mapambo hutengenezwa hivyo. Mafundi wa Moradabad, mji wa kaskazini mwa India unaojulikana kwa kazi za shaba, hawamdanganyi mtu kwa kuzitengeneza. Tatizo huanza kwa anayezizika ardhini kisha kuziuza kama za miaka 200.

Tatu, nusa. Shaba iliyotiwa asidi au dawa ya kuzeesha hivi karibuni hubaki na harufu kali ndani ya bomba kwa wiki kadhaa, hata kama nje imeoshwa.

Hatua ya tatu: jua metali

Weka sumaku. Ikishika mwili mzima, ni chuma kilichopakwa rangi, achana nacho. Ikishika sehemu moja ndogo tu, pana msumari wa zamani umebaki ndani, na hilo ni jambo zuri.

Kisha pima msongamano, ila kwa kichwa kisicho na kiini cha udongo, kisicho na mbao na kisicho na unga wa kijani. Weka ndoo ya maji kwenye mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha zamisha kichwa kwa uzi wa nailoni bila kugusa ukuta wala kitako cha ndoo. Gramu zinazosomeka ni sawa na ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Tuseme kichwa kina gramu 1,840 kikiwa kikavu, na mizani inasoma 215. Gawanya 1,840 kwa 215, upate karibu 8.56. Shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, huwa kati ya 8.4 na 8.7. Bronzi, yenye bati badala ya zinki, husogea kwenye 8.8. Aloi za zinki za mapambo ya kisasa hukaa karibu na 6.6, na hapo mjadala umekwisha.

Kosa la kawaida ni hewa iliyonaswa ndani ya fuvu: ujazo unaonekana mkubwa, jibu linashuka, na kitu kizuri kinahukumiwa bure. Kipindue ndani ya maji mpaka mapovu yaishe. Ukimaliza, kausha papo hapo kwa kitambaa na hewa ya uvuguvugu.

Hatua ya nne: uso

Sasa tazama uso, kwa swali moja: je, kulika kwake kuna sababu? Machela za ibada husafishwa mara kwa mara, na kwa vizazi vingi wasafishaji wametumia ukwaju na majivu. Kwa hiyo pua, nyusi na ncha za meno hulainika, huku mifereji ya masikio ikibaki mikali na yenye giza. Kichwa kilicholika sawasawa hata kwenye mifereji kimezungushwa kwenye mashine. Rangi ya kijani inayofunika vilele na mabonde kwa unene uleule ni ya dawa. Jaribu kwa pamba iliyoloweshwa asetoni mahali pa siri, chini ya kidevu: rangi ya viatu na vanishi itatoka kwenye pamba, rangi ya umri haitoki.

Kusafisha: kidogo kuliko unavyotaka

Toa vumbi kwa brashi laini ya nywele za mbuzi, ukilifagia kuelekea nje ya mifereji. Kisha changanya lita moja ya maji yaliyosafishwa kwa mvuke na mililita 5 za sabuni laini isiyo na harufu wala rangi. Zungusha pamba kwenye kijiti cha mwanzi, ichovye, ikamue, na uiviringishe juu ya shaba badala ya kuisugua. Eneo la sentimita 4 kwa 4 kwa wakati mmoja, pamba mpya kila ikichafuka. Futa kwa maji matupu, kisha kwa alkoholi ili unyevu utoke upesi. Ndani ya bomba usitie pamba yoyote.

Utando mweupe ulioganda kwenye mifereji ni mabaki ya dawa za kung'arishia. Ulainishe kwa alkoholi dakika chache, kisha uutoe kwa mwiba wa nungunungu au kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Sindano na waya wa chuma huacha mikwaruzo ya njano inayoonekana mita mbili mbali.

Sasa mambo ya kukataa kabisa, kwa sababu kila nyumba ya pwani ina mapishi yake.

Ndimu na ukwaju hung'arisha, hilo ni kweli. Lakini asidi hula zinki upesi kuliko shaba nyekundu. Ukizidisha, juu hubaki tabaka lenye vinyweleo la shaba nyekundu tupu, na uso unageuka wa waridi. Waridi huo hauondoki bila kukwangua.

Mafuta ya nazi huonekana mazuri siku ya kwanza. Baada ya miezi, asidi zilizomo kwenye mafuta huungana na shaba na kutoa utando wa kijani unaonata, nao hudaka vumbi.

Amonia, iliyomo katika dawa nyingi za kusafishia vioo na kung'arishia shaba, ndiyo hatari zaidi kwa shaba ya njano iliyobanwa au kugongwa. Jeshi la Uingereza lililokuwa India liliona maganda yake ya risasi yakipasuka yenyewe majira ya masika, yakiwa yamehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Mwaka 1921 wataalamu wa metali walieleza sababu: amonia ya mkojo na samadi, pamoja na unyevu na mkazo uliobaki ndani ya metali. Mdomo wa bomba uliogongwa ili ubane mti uko katika hali ileile. Ufa mwembamba ulio wima kuanzia mdomo wa bomba mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Unga wa kijani kibichi

Kutu ya kijani iliyokolea, ngumu na yenye uso nyororo, mguuni mwa mapambo haina neno. Inayotisha ni vidoto vya kijani cheupe, vya unga, vinavyorudi kila ukivifuta. Huo ndio ugonjwa wa shaba: kloridi ndani ya metali ikikutana na unyevu hutoa asidi, asidi inakula shaba zaidi, na mzunguko unaendelea. Mji wa bahari kama Mombasa au Zanzibar unaulisha ugonjwa huu usiku na mchana.

Futa unga kwa brashi kavu ukiwa na barakoa, weka alama kwenye picha mahali ulipokuwa, kisha tia kichwa katika sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli kavu (punje zinazofyonza unyevu) na kipima unyevu. Kiasi ni gramu 20 kwa kila lita ya ujazo, hivyo sanduku la lita 20 linataka gramu 400. Unyevu ushuke chini ya asilimia 40 na ubaki hapo. Kagua kila siku kwa wiki mbili. Jeli ikibadili rangi, ioke kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa tatu na uirudishe ikipoa. Vidoto vikirudi hata kwenye ukavu huo, mpelekee mhifadhi wa makumbusho. Dawa inayotumika, benzotriazoli, ni sumu, si ya kujaribia jikoni.

Nta

Kwa kitu kikavu na kizima, paka nta ya maikrokristali inayouzwa kwa wahifadhi. Nta ya nyuki ina asidi yake, kwa hiyo hapana. Pasha kichwa kwa hewa ya uvuguvugu hadi kiwe na joto la mkono, chota nta kiasi cha punje ya mahindi, isambaze kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, subiri dakika 15, futa. Rudia kesho yake. Nta nene hujikusanya kwenye mifereji na kugeuka nyeupe. Paka nje tu, hadi ukingo wa bomba.

Kukisimamisha

Uzito uko mbele, kwenye uso, kwa hiyo kichwa kikiwekwa mezani hulalia pua na kuikwaruza. Chonga kigingi cha mbao kinachoingia angalau theluthi mbili ya kina cha bomba, chembamba kuliko tundu kwa milimita 3 kila upande, na ujaze nafasi hiyo kwa sponji ya polithini. Ukikibana kigingi moja kwa moja, mbao itavimba masika na kupasua bomba. Usitumie msaji wala mwaloni, mvuke wake wa asidi hudhuru metali, na usitoboe tundu jipya hata moja.

Karatasi

Palki hazijawa historia tupu. Kila mwaka palki ya fedha yenye nyayo za Sant Tukaram, mshairi na mtakatifu wa Maharashtra, hupelekwa kutoka Dehu hadi Pandharpur, desturi inayohesabiwa tangu 1685, na mahekalu ya kusini hutumia machela zao hadi leo. Kichwa kilicho mkononi mwako kinaweza kuwa kimeng'olewa kwenye mti unaotumika. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye programu ya bure ya Interpol ya vitu vya sanaa vilivyoibwa, na mwombe muuzaji maandishi ya lini na wapi alikipata.

Sheria ya India ya mwaka 1972 inazuia mtu binafsi kutoa nje kitu cha sanaa chenye umri wa miaka 100 au zaidi. Kitu kipya kinachofanana na cha kale hupewa cheti na Idara ya Akiolojia ya India kwamba si cha kale. Muuzaji anayedai kina miaka 200 huku akikupa cheti hicho, mojawapo ya kauli zake ni uongo. Kwa walio Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kama kale kitu kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895. Kichwa kilicholetwa na babu mfanyabiashara kabla ya mwaka huo kinahitaji kibali kabla ya kutolewa nje.

Andika vipimo, uzito, msongamano, idadi ya matundu na hali yake, tarehe za kusafisha na nta uliyotumia. Funga karatasi hizo pamoja na picha katika bahasha na uiweke kando ya sanduku. Usiikunje na kuitia ndani ya bomba: karatasi huvuta unyevu, na unyevu huo utaanzia kazi yake palepale ulipokuwa ukipalinda.